Kilichokuwa Tumboni mwa Mheshimiwa

Barua ililetwa Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinama ndani ya pipa la maganda ya viazi. Mutembei hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisimama hatua tatu kutoka kwa pipa, koti limefungwa vifungo vyote, akaninyooshea karatasi.

"Cucu Kanini, soma." Cucu, yaani bibi, ndivyo wote huniita.

"Mikono yangu imejaa maganda, mwenyekiti. Nisomee wewe. Mimi niliachia darasa la saba, wewe ulifika mbali."

Akasoma haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Kwamba chama cha wafanyabiashara wa upande wetu wa Makutano, ambacho yeye ndiye mwenyekiti wake, kimempa Gitobu kazi ya kubeba taka za hoteli na maduka yote kwa lori. Kwamba kuanzia Jumatatu kila mtu atatia taka zake kwa mfuko mmoja, bila kuchagua. Kwamba uwanja wa nyuma ya maduka utasafishwa, uwe mahali pa lori kuegesha. Kwamba mimi nitoe vitu vyangu kabla ya siku hiyo.

Uwanja wenyewe ndio huo tuliokuwa tumesimama ndani yake. Nimeufanyia kazi miaka kumi na mmoja, tangu nimzike mume wangu. Mimi ni mzaliwa wa Embu, nikaolewa Kiirua, upande wa Meru, na kila asubuhi huja hapa Makutano, nachukua mkokoteni wangu, nazunguka hoteli kwa hoteli. Niliwafundisha wenye hoteli kuweka ndoo tatu mlango wa nyuma: moja ya maganda na makombo, moja ya plastiki, moja ya chupa na mikebe. Mpishi akisahau, namtegea kitendawili: "Nina watoto watatu, wakilala kitanda kimoja wanaoza wote." Wapishi wote wa Makutano wanakijua hicho kama wanavyojua majina yao.

Maganda safi huenda kwa nguruwe na mbuzi wa wakulima. Yanayobaki nayarundika yaoze yawe mbolea, na mbolea inapanda Kiirua kuzaa kabichi na viazi vinavyorudi kupikwa kwa hoteli zile zile. Plastiki naiosha, naifunga marobota, inaenda kusagwa. Chupa zinarudi kazini. Kinachobaki cha kutupwa, baada ya hoteli kumi na nne, nakibeba kwa gunia moja mgongoni. Na mimi ni mzee.

"Na lori la Gitobu litamwaga wapi?" nikamuuliza Mutembei.

"Hiyo ni kazi ya Gitobu. Wewe umechoka, Cucu. Kaa nyumbani ulee wajukuu."

"Wajukuu wangu wana ndevu. Watanilea wao."

Akacheka kidogo, akageuka kwenda. Mimi nikaona haendi hivyo hivyo.

"Kitendawili!" nikaita.

Hakusema "tega". Aliangalia saa yake.

Nikatega bila kuruhusiwa. "Nimemzika mara mia, na hajawahi kuoza."

"Cucu, sina wakati wa mambo ya watoto."

"Ukishindwa, toa mji. Hiyo ndiyo sheria."

"Sitoi mji, sitoi hata kijiji." Akaiweka barua juu ya kifuniko cha pipa, akaikandamiza kwa jiwe isipeperuke.

"Basi Jumatatu utanikuta hapa," nikauambia mgongo wake. "Na mkija na lori, mje na jeki. Mtaniinua pamoja na pipa langu."

Alipoondoka, Ntinyari akatoka kwa mlango wa nyuma wa hoteli yake akiwa na kikombe cha chai. Huyo ni rafiki yangu, hoteli yake imepakana na uwanja. Hakuniangalia machoni.

"Mlipiga kura?" nikamuuliza.

"Tulipiga."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza, Cucu."

"Ulinyamaza upande gani?"

Akashika kikombe kwa mikono miwili. "Gitobu alisema hakuna haja ya ndoo tatu. Watu wamechoka kukumbuka. Mtu akiambiwa atupe tu, anatupa tu."

Nikaichukua chai nikanywa. Chai haina kosa.

*

Sasa kulikuwa na jambo lingine. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Mutembei alikuwa anapeleka mahari Embu. Mwanawe Mwenda alikuwa amempata msichana anayeitwa Wambeti, na kwao Wambeti ni kilima kile kile nilikozaliwa. Miezi miwili kabla, Mwenda alikuwa amekuja kuniomba niwaongoze akina mama wa upande wao, kwa sababu najua lugha za pande zote mbili na najua ni nani hapaswi kukalishwa karibu na nani. Nilikuwa nimekubali.

"Hutaenda sasa, si ndiyo?" Ntinyari akaniuliza.

"Nitaenda. Neno nilimpa Mwenda. Babake hakuwa hapo."

Jumatano jioni, nikirudi nyumbani Kiirua, nikapitia kwa Mutembei kupanga safari. Ni jirani yangu, boma lake linaonekana kutoka kwangu. Nilimkuta kando ya zizi akimwonyesha mtu kondoo wa mahari. Alikuwa dume kubwa, manyoya meupe, tumbo pana kama gunia la mkaa, na kwa sababu ya huo ukubwa walikuwa wamempa jina Mheshimiwa.

"Cucu, mwone!" Mutembei akasema. Alikuwa na furaha hata akasahau barua yake. "Miezi mitatu tu! Watu wa Embu watatafuta shoka la kumkatia."

Miezi mitatu ndiyo lori la Gitobu lilikuwa likijaribiwa kwa hoteli sita za kwanza, nje ya zile kumi na nne zangu, ya Mutembei ikiwa mojawapo. Kwa shukrani, Gitobu alikuwa akimmwagia makombo nyuma ya zizi kila siku ya pili, chakula cha bure. Nikalitazama lile rundo. Wali, maganda, mifupa, na katikati yake zile karatasi za nailoni zilizopigwa marufuku zamani lakini bado zinaijua njia ya sokoni. Kulikuwa na kamba za nailoni pia. Siku hizi miraa hufungwa kwa hizo, watu wameacha zile za mgomba.

Kondoo alikuwa amelala. Jioni, saa ya kucheua, na mdomo wake umetulia kama wa mtu kanisani. Nikaingia zizini, nikapitisha vidole ndani ya manyoya mpaka kwenye mgongo. Mifupa ilisimama kama meno ya kitana. Nikabonyeza tumbo upande wa kushoto. Lilikuwa gumu, halina ngurumo.

"Mutembei, huyu hajanenepa. Amevimba. Tumbo ni kubwa na mgongo ni mfupa mtupu. Amekula nailoni."

Mtu aliyekuwa naye akakohoa. Mutembei akakunja uso.

"Nilijua utasema hivyo. Jana nimekuletea barua, leo kondoo wangu ni mgonjwa! Cucu, wivu si kilemba, usijifunge."

"Weka mkono hapa. Hapa tu."

"Nimemtazama huyu kondoo kila siku. Toka zizini, utamtia uchovu."

Nikatoka. Kwetu, kondoo wa mahari hupimwa kwa macho kutoka mbali. Mtu anasimama langoni, anaona tumbo, anasema mali hiyo. Kupitisha mkono ndani ya manyoya ni kama kuhesabu watoto wa mtu. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa amegusa mgongo ule.

*

Jumamosi saa tano tulikuwa Embu, juu kidogo ya mji. Akina mama tukaimba langoni na vyondo vyetu vya zawadi mgongoni mpaka wenyeji wakachoka kutukatalia kuingia. Wazee wakaketi. Mheshimiwa akashushwa kutoka kwa pikapu, akayumba, watu wakamsifu. Mzee Nyamu, babu yake Wambeti, akamwangalia kwa mbali akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mutembei akanitupia jicho, kana kwamba anasema: umeona?

Gachoki, mjomba wa msichana, ndiye aliyechinja. Nyama ikaenda kwa wanaume, matumbo yakaletwa kwetu kwenye sufuria kubwa, nyuma ya jikoni, penye migomba. Kuosha matumbo ni kazi ya akina mama tangu zamani. Mimi na Ntinyari tukakunja mikono ya nguo.

Miaka kumi na mmoja imenifundisha kitu kimoja kuhusu taka. Ganda ukilikamua hunyamaza. Nailoni hulia. Nilipoliweka lile tumbo juu ya jani la mgomba na kulibonyeza, likalia.

Nikalipasua. Ndani kulikuwa na donge kubwa kuliko kichwa cha mtoto, limesokotwa kama kamba: karatasi za nailoni, nyuzi za miraa, vipakiti vya sosi ya nyanya. Nyasi kidogo sana. Harufu yake hata mimi ilinirudisha nyuma.

Ntinyari akaziba mdomo. Halafu akachungulia kama kuna mtu anatuona. "Cucu, kuna shimo la choo hapo. Tulizike haraka. Wakwe wakiona hili, harusi imeisha."

Nitasema ukweli, nilifikiri. Pale mbele ya nyumba alikuwa Wambeti, amevaa vizuri, anamcheka Mwenda kwa sababu tai yake imekaa upande. Hao wawili hawakumlisha yule kondoo. Ningeweza kulitia kwenye shimo na kuosha mikono, na Mutembei angerudi nyumbani mwanamume, na Jumatatu angeniletea lori.

Lakini ndilo hilo hilo tumekuwa tukifanya siku zote. Kuzika haraka kabla wageni hawajaona.

"Hapana," nikamwambia Ntinyari. "Huyu nimemzika mara mia."

Nikaliweka donge juu ya jani la mgomba, nikalibeba kwa mikono miwili, nikapita katikati ya akina mama, katikati ya vijana wa soda, mpaka kwa wazee. Nikaliweka chini mbele ya Mzee Nyamu.

Wazee wakainama kutazama.

"Hiki ni nini, mwana wetu?" Mzee Nyamu akaniuliza kwa Kiembu.

"Ni chakula cha kondoo tuliyewaletea, baba. Nimeongoza akina mama mpaka kwenu, siwezi kuwaficha nilichokikuta kwa mikono yangu."

Mutembei akasimama. "Wazee, msimsikilize. Huyu mama ana chuki na mimi. Tuna shida ya kazi kule Makutano. Nani anajua ametoa wapi hizo takataka?"

Kijiti kilikuwa karibu. Nikakiokota, nikavuta kutoka kwenye donge mfuko mmoja mdogo, nikaunyoosha juu ya jani. Ulikuwa mfuko wa chipsi, na ulikuwa na chapa nyekundu.

"Soma, mwenyekiti," nikamwambia. "Leo mikono yako haina maganda."

Hakusoma. Alikuwa ameona. Gachoki ndiye aliyeinama akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jina la hoteli ya Mutembei na maneno yaliyo chini yake: Karibu Tena.

Kijana mmoja alicheka, akapigwa kofi la kisogoni. Wambeti alikuwa ameacha kucheka. Mwenda alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikurudi nyuma hata hatua.

Mzee Nyamu akainama. Akachukua kile kijiti kutoka kwangu, akaligeuza donge upande huu na huu.

"Kwa hivyo alikuwa anakufa njaa," akasema mwishowe, "na tumbo limejaa."

"Ndiyo, baba."

"Msichana ana kosa?"

Wazee wakasema hana.

"Mvulana ana kosa?"

Hana.

"Basi mwenye kosa ni kondoo, na kondoo hajafika. Watu wa Meru, nyinyi mmefika, karibuni mle maharagwe ya njahi na kuku. Lakini kondoo bado yuko njiani. Akifika mzima, tutaongea tarehe. Nyama hii ifukiwe, mbwa wasiiguse." Halafu akamgeukia Mutembei, bila hasira. "Na wakati mwingine mzazi mwenzangu, ukikaribisha mtu kwa hoteli yako, mwambie asile mfuko."

Hapo watu walicheka wote, hata Ntinyari. Mutembei peke yake hakucheka. Alikula kijiko kimoja cha njahi, akaweka sahani chini.

Jioni, tulipofika Kiirua, alinisubiri nishuke.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe," akasema.

"Nilikuambia Jumatano uweke mkono. Hukutaka."

"Ungelificha. Mama yeyote angelificha."

"Ndiyo. Na wewe ungeendelea kumlisha mwingine."

*

Jumapili baada ya ibada nilimtoa kondoo wangu. Si mkubwa. Tumbo lake ni la kawaida, lakini ukipitisha mkono mgongoni unapata nyama, na jioni hucheua mpaka unaona usingizi. Amekula maganda ya hoteli za Makutano tangu alipoachishwa ziwa, maganda yaliyopita mikononi mwangu, ganda kwa ganda. Nikampeleka kwa Mutembei kwa kamba, nikampa Mwenda. Kijana akanishika mkono na kuushikilia.

Mutembei alitokea mlangoni. "Unataka nini kwa huyo?"

"Kamba. Mkimfikisha Embu, mnirudishie kamba yangu."

"Na uwanja?"

"Kondoo ni wa Mwenda na Wambeti. Uwanja ni jambo lingine, nitaupigania kesho bila kondoo. Sitaki mtu aseme nilimnunua mwenyekiti."

Nikaenda zangu.

Jumatatu nilifika Makutano kabla ya maduka kufunguliwa. Donge nilikuwa nimelibeba kutoka Embu ndani ya gunia, nikaliosha maji mara tatu na kulikausha juani. Nikalifunga kwa waya, nikalitundika katikati ya lango la uwanja, mahali ambapo lori haliwezi kuingia bila kuligonga. Ule mfuko wenye chapa niliutoa, nikautia mfukoni mwangu. Mtu hupigwa mara moja. Kisha nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya donge, nikaanza kuchambua.

Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Wapishi walikuja kutazama, wauza mitumba wakaja, hata wale wa miraa wakaja, wakaona nyuzi zao wenyewe zimesokotwa humo, wakaondoka.

Saa mbili lori likafika. Gitobu akatoa kichwa dirishani.

"Cucu, toka kidogo. Tenda ni yangu, karatasi ninazo."

"Kijana wangu, mimi nilitoka tumboni mwa mama yangu mara moja, inatosha."

Watu wakacheka. Gitobu akapiga honi. Sikuamka. Akapiga tena, ndefu, mpaka mtoto wa mtu akalia. Gurudumu la mbele lilikuwa karibu kiasi kwamba nilihisi joto lake.

Mlango wa nyuma wa hoteli ya Ntinyari ukafunguliwa. Akatoka na ndoo tatu, mbili kwa mkono mmoja, akapita mbele ya lori polepole kama bibi harusi, akaziweka miguuni pangu moja moja.

"Gitobu," akasema kwa sauti ya kuita wateja, "mwezi mzima lori lako linakuja siku ya pili au ya tatu, na panya wa hoteli sita wamehamia kwangu. Siku ya kura nilinyamaza. Sasa nasema: zangu anachukua Cucu."

Mpishi wa hoteli ya pili akaenda kuleta zake. Wa tatu naye. Wengine walibaki wamekunja mikono, wakingoja kuona mwenyekiti atasema nini, maana ndivyo watu walivyo.

Akaja. Koti lake lilikuwa wazi, na alikuwa ameshika ndoo tatu mpya, bado zina karatasi za dukani. Alipita kando ya lori bila kumwangalia Gitobu. Alisimama chini ya lile donge, akalitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta jina lake. Hakulipata. Akaniangalia mimi.

"Cucu Kanini. Kile kitendawili chako cha Jumanne."

"Ndiyo."

"Jibu nalijua sasa. Nimelifukua kwa zizi langu jana usiku, ndoo nzima. Lakini siku ile nilishindwa, nikakataa kutoa mji. Sheria ni sheria. Chukua Makutano."

"Sema wasikie."

Akageukia watu na lile lori, akasema kwa nguvu: "Uwanja unabaki kwa Cucu. Chama kitakaa leo jioni. Atakayetaka mfuko mmoja ampe Gitobu nje, barabarani, hapa ndani hapana."

Gitobu alitukana kidogo, akarudi nyuma. Bado anabeba za maduka ya ng'ambo, na vita vyetu havijaisha, ila langoni kwangu hajapiga honi tena.

Mutembei alikuwa bado amesimama, anangoja nimwambie asante au nimwambie pole, sijui. Nikazivuta ndoo zake karibu nikaangalia ndani. Ya maganda ilikuwa sawa. Ya chupa ilikuwa sawa. Ya plastiki ilikuwa na ganda moja la ndizi, limejificha chini ya kopo.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mwenyekiti," nikasema, "toa."

Akakunja mkono wa koti, akainama, akatoa.